Dole Gumba Ndani ya Pete

Mliniacha nimesimama mlangoni kwangu, barua ya chama mkononi, miguu imegoma kuingia ndani na imegoma kutoka nje.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari yangu ni fupi na haina sifa. Mimi ni sonara. Nina miaka sabini na mbili, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa mwenyekiti wa chama cha masonara wa mtaa wetu. Mbele ya wanachama wote nilisema kuwa titani ni chuma cha ndege na cha mifupa ya bandia, na kwamba anayekiita pambo hajui pambo. Nikasimamia kanuni iandikwe: mwanachama hauzi pete ambayo hawezi kuitanua wala kuitia lehemu. Titani haitanuki, na lehemu haiishiki. Kanuni ile ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, yaani Cheche, binti aliyekuwa mwanafunzi wangu, aliyefungua kibanda cha titani mkabala na duka langu.

Halafu, kwa siri, nikaanza kutengeneza pete za titani mwenyewe. Chumba cha nyuma, mchana kweupe, mlango nimeufunga kwa komeo. Mke wangu aliziuza dukani kwake, katikati ya vitambaa, akisema zimetoka ng'ambo.

Barua ilisema hivi: kesho saa nne asubuhi, kamati itamhukumu Cheche kwa kuuza pete iliyomnasa mwanamke kidole. Mwenyekiti aje aongoze.

"Umesoma nini huko?" mke wangu aliuliza.

"Pete ya titani imembana fundi cherehani mmoja. Wanasema ni ya Cheche."

"Cheche huyu wetu?"

"Huyu huyu."

Aliacha kukunja kitambaa. "Huyo fundi cherehani, mume wake ni dereva wa lori? Mwenye jino la dhahabu?"

Sikuwajua waume wa watu.

"Mzee, kama ni yeye, nilimuuzia mimi. Alichagua ile pana, ya kijivu nje na buluu ndani. Akasema mke wake ataipenda, maana uzuri wake ataujua yeye peke yake."

Nilikaa chini.

Buluu ya ndani ilikuwa ubunifu wangu. Titani haipakwi rangi. Unaichovya kwenye maji yenye soda ya kuokea, unaiunganisha na betri ndogo za volti tisa, na rangi inatoka kwenye chuma chenyewe. Betri mbili zinaleta zambarau. Tatu zinaleta buluu. Rangi ya nje huchubuka kwa kazi za mikono, lakini ya ndani inakaa. Kwa hiyo nje naisugua mpaka irudi kijivu, ndani naiacha. Mambo haya niliyasoma mwenyewe, kitabu cha kemia cha shule ya jioni kikiwa wazi kando ya koleo.

Ila pete ile pana ilikuwa na kosa, na kosa lile ni la sonara wa dhahabu peke yake.

Kabla ya kuichovya, unaisafisha kwa spiriti mafuta yote yatoke. Ukishaisafisha, huigusi. Mimi niliiinua niitazame mwangani, na dole gumba likaingia ndani ya pete kama lilivyozoea kwa miaka hamsini. Dhahabu haijali kushikwa. Titani inajali. Buluu ilipojitokeza, pale nilipogusa palibaki mistari ya ngozi yangu, na katikati yake kovu langu lenye panda, kama njia inayogawanyika.

Ningeisugua nianze upya. Sikufanya. Nilijiambia, nani atachungulia ndani ya pete? Na ukweli, kwa kuwa nimeahidi kuwaambia ukweli, nilipendezwa kuliona dole langu mle ndani.

"Nenda kaseme," mke wangu alisema.

"Niseme nini? Kwamba mwenyekiti ndiye mwizi wa kanuni yake?"

"Sema unavyotaka. Umesoma, maneno unayo."

Asubuhi, nilipokuwa navaa kizibao, alinijia akiwa amevua hereni zake. Vipini viwili vidogo vya titani, kazi yangu ya kwanza. Masikio yake yalikataa kila kitu tangu ujana: shaba, fedha, hata dhahabu yangu mwenyewe, yakivimba na kutoa maji. Kwa vipini vile alikaa miaka miwili bila kujikuna. Kwa ajili ya masikio yale ndipo nilipoanza.

Alivitia kwenye kiganja changu, akakifunga.

"Sivai kitu ambacho mtoto wa mwenzangu anahukumiwa kwacho," alisema. "Ukirudi umesema, nitavivaa. Usiposema, mpe mwingine."

Nikavitia kwenye mfuko wa kizibao, pamoja na ufunguo wa kabati la chama.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya ghala la magodoro. Kuna meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, kabati la chuma, na feni inayozunguka ikilalamika. Ndani ya kabati lile vilifungiwa vifaa vya Cheche tangu wiki iliyotangulia, kwa kuvunja ile kanuni, kwa amri iliyotiwa sahihi yangu.

Wajumbe wanne walikuwa wameshakaa. Katibu, fundi saa mwembamba mwenye sauti pana, alikuwa amepanga mbele yake daftari la kumbukumbu, kioo cha kukuzia, na pedi ya wino.

Pedi ile lazima niwaeleze. Mpaka nilipofika miaka arobaini na saba, nilikuwa natia dole. Nilitia dole kwenye cheti cha ndoa, kwenye kadi ya chama, kwenye ripoti za shule za wanangu huku wao wenyewe wakinitazama. Katibu huyu huyu ndiye aliyekuwa ananishikia pedi na kusema, "Bonyeza taratibu, Fundi, usije ukatoboa." Siku nilipofaulu mtihani wa shule ya jioni nilinunua kalamu ya wino, nikaapa kwamba dole langu halitagusa tena karatasi. Halijagusa.

"Pedi ya nini leo?" nilimuuliza.

"Ya wajumbe wasioandika. Wewe siku hizi una kalamu, tunajua," alisema, na mmoja akacheka puani.

Fundi cherehani alikaa peke yake upande wa dirisha, mkono ameuinua kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Kinauma?"

"Jana kilikuwa kinauma. Leo hakiumi. Hilo ndilo linanitisha."

Niliinama kukitazama. Kidole kilikuwa kimefura juu na chini ya pete, rangi imeanza kuwa ya bilinganya. Na pete ilikuwa yangu. Ningeitambua hata kwa kupapasa.

"Sindano ya cherehani ilinipitia juzi," alisema. "Nikapuuza. Kilipovimba nikaenda zahanati. Walijaribu na kile kikata pete chao mpaka meno yakaisha, pete haina hata mkwaruzo. Wakaniambia niende kwa waliouza. Ikifika mchana bado, nirudi pale, na nije na ndugu."

"Ndugu wa nini?"

"Wa kutia sahihi, Mwenyekiti. Maana yake nimeielewa."

"Na tangu jana hamjampeleka kwa fundi yeyote?" nilimuuliza Katibu.

"Ikikatwa, kielelezo kinaharibika. Nilitaka kamati ione kwa macho yake."

"Mimi si kielelezo," fundi cherehani alisema. "Nina gauni la bibi harusi mezani, halina mikono."

Mlango ukafunguliwa, Cheche akaingia. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, akakaa sita. Nilimpa jina lile kwa sababu hatulii mahali. Siku hiyo alitulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliitika bila kumtazama.

Katibu akasoma mashtaka. Mwanamke hajui pete ilinunuliwa wapi, ni zawadi ya mume wake, na mume yuko safarini hapatikani kwa simu. Lakini muuza titani katika mtaa huu ni mmoja.

"Si kazi yangu," Cheche alisema. "Kila pete yangu ina nukta tatu nimezigonga ndani. Itoeni, mtazame."

"Kuitoa kunataka vifaa vyako. Vifaa vyako viko kabatini mpaka hukumu itolewe."

"Kwa hiyo mnahukumu kwanza, kidole mtakishughulikia baadaye?"

"Ungelifikiria hilo kabla ya kumuuzia mtu chuma cha ndege."

"Ngojeni kidogo," fundi cherehani alisema. "Kwa kuwa mnaisema, na mimi mnisikie. Pete yenyewe sina ugomvi nayo. Ya dhahabu niliyokuwa nayo ilikuwa na kijiwe, kila kitambaa laini kinavutika nyuzi, wateja wananitukana. Ya fedha ikawa nyeusi. Zile za rahisi zilinitoa vipele, kidole kikawa kijani kama nimetia kwenye mboga. Hii nafulia nayo, napigia pasi nayo, haishiki uzi, haibadiliki. Nyepesi mpaka nasahau kama nimeolewa."

Walicheka wote, hata Katibu.

"Kilichonichoma ni sindano," aliendelea. "Hata ingekuwa ya dhahabu ningevimba vile vile."

Jamani, miaka hamsini kwenye kazi hii, sikuwahi kusikia kazi yangu ikisifiwa vizuri kiasi kile. Na sikuweza kusema asante.

Nilijiona nilivyo. Pete ikitoka, Cheche atasafika, maana nukta tatu hazimo. Ila kilichomo ni dole langu. Pete isipotoka, dole langu litabaki salama, na mwanamke huyu atapoteza kidole chake.

Katibu alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasoro.

Nikasimama. "Nafungua kabati."

"Kanuni, Mwenyekiti."

"Kanuni niliiandika mimi."

"Ndiyo maana nakukumbusha. Na hata ukifungua, mtuhumiwa hagusi kielelezo. Akigusa, kesho atasema tumembadilishia."

"Basi nitakata mimi."

Wajumbe wakageukia kwangu.

"Wewe?" Katibu alisema. "Hujawahi kushika titani maishani mwako. Ulituapia hapa hapa."

"Cheche atanielekeza. Mwalimu naye hufundishwa."

Nikachomoa ufunguo mfukoni. Kipini kimoja cha mke wangu kikatoka nao, kikadunda mezani, kikabiringika mpaka mbele ya Cheche. Alikiokota. Alikipima kiganjani, kama nilivyomfundisha kupima kitu kabla ya kukisema. Kisha akanirudishia.

"Umekiangusha, Mwalimu," alisema.

Tulitoa drili yake ndogo, ile kama ya daktari wa meno, na visahani vyake vyembamba vya kukatia. Niliketi mkabala na fundi cherehani. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Nielekeze," nilisema.

"Funga kisahani. Kaza, lakini usikaze sana."

Nikafunga.

"Washa, uanze polepole. Kisimame wima, kisilale. Hiki chuma kinashika moto upesi, kwa hiyo..."

Nilikuwa nimeshatelezesha mpini wa kijiko, uliopondwa bapa, kati ya pete na ngozi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshachukua bilauri na kuanza kudondosha maji pale nitakapokata.

Cheche akaitazama bilauri, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo nini?" Katibu aliuliza.

"Kwa hiyo maji," Cheche alisema polepole. "Na kitu cha kukinga ngozi. Nilikuwa sijamwambia bado."

"Ni akili ya kawaida," nilisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Drili ikalia. Zikaruka cheche nyeupe, nyeupe kuliko za chuma kingine chochote, na wajumbe wakarudisha viti nyuma. Mwanamke alifumba macho, akaanza kuhesabu mishono ya lile gauni kwa sauti ya chini. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na nitawaambia nilichoomba, mnihukumu mnavyotaka. Niliomba kisahani kipite juu ya dole langu kilifute. Pete ile haina kiungo, haina mbele wala nyuma. Nilikata gizani.

Upande wa kwanza ukaachia. Ukikata titani mara moja tu haifunguki kwa vidole, inarudi kama springi. Hilo nalo Cheche alikuwa hajaniambia, lakini nilikwishageuza mkono wa mama na kuanza upande wa pili. Nilipokumbuka kwamba sipaswi kulijua, nilikuwa nimechelewa.

Pete ikaanguka kwenye kitambaa cha kijani, vipande viwili.

Fundi cherehani alifumbua macho. Kidole kilikuwa na mfereji mzunguko mzima, ngozi imenyauka, lakini haikukatika. Tulikitazama wote kama tunaotazama chungu jikoni. Kwa muda hakikufanya kitu. Kisha wekundu ukaanza kupanda, kutoka chini kwenda juu, na yeye akapiga kelele.

"Kinauma," alisema. "Kinauma, kinauma jamani," na machozi yakamtoka akicheka.

Nikaweka drili chini. Nilidhani nimeokoka, na kwa dakika moja nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

"Haya," Cheche alisema. "Tazameni ndani. Tafuteni nukta tatu."

Katibu akachukua kipande kimoja, akakitia kioo cha kukuzia. Akakizungusha. "Buluu tupu. Hakuna alama."

"Si niliwaambia? Si yangu."

Katibu akaweka kioo chini taratibu. Alikuwa anatabasamu.

"Binti, wewe unajua unavunja kanuni. Anayeuza kwa kificho anaweka alama ya nini? Pete yenye nukta tatu ni ile unayoiuza mchana. Hii haina alama kwa sababu ulijua ipo siku itakuja hapa."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Hapo umegusa."

"Kwa hiyo ningekuwa na alama nina hatia, na sina alama nina hatia?" Cheche aliuliza.

"Andika," mjumbe mwingine alisema.

Katibu akaandika, akisoma kwa sauti. Kamati imejiridhisha kwamba pete ni kazi ya mtuhumiwa. Mtuhumiwa anafutwa uanachama. Kibanda kifungwe leo, vifaa vibaki mali ya chama. Akageuza daftari kuelekea kwangu. "Mwenyekiti, sahihi yako."

Nilitoa kalamu. Niliona mkono wangu ukiifungua. Nilijisemea kuwa nitasema kitu, kwamba maneno ninayo. Hayakuja. Miaka yote ile ya shule ya jioni, sikupata hata moja.

Cheche alikuwa amechukua kipande cha pili. Hakukitia kioo. Alikipeleka dirishani, akakiinamisha kwenye mwanga.

Lile kovu mnapaswa kujua lilitoka wapi. Mwezi wake wa kwanza kwangu, msumeno ulimteleza mkononi ukanipasua dole gumba mara mbili, pande mbili. Alilia kuliko mimi. Nilimwambia afunge kitambaa na aendelee na kazi, na kwa wiki sita ndiye aliyekuwa ananibadilishia kila asubuhi, akilitazama linavyopona. Hakuna mtu duniani anayelijua kovu lile kama yeye. Hata mimi silijui hivyo.

Alisimama pale dirishani muda mrefu.

"Nacho kina nini?" Katibu aliuliza, amenyoosha mkono. "Lete nitazame."

Cheche akageuka. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika. Alifumba kipande kile ndani ya ngumi.

"Nitakupa, Katibu," alisema. "Ila kwanza Mwenyekiti atie sahihi."

"Anatia. Kalamu anayo."

"Kalamu tumeizoea." Alikuja mpaka mezani, akasimama upande wangu, karibu kama alivyokuwa anasimama zamani akingoja nimwonyeshe. Akavuta pedi ya wino, akaisukuma taratibu juu ya kitambaa cha kijani mpaka ikagusa mkono wangu. "Leo atie dole."

Mjumbe mmoja akaanza kucheka, akaacha njiani. Katibu alinitazama mimi, akaitazama ngumi ya Cheche, kisha akakitazama kioo chake cha kukuzia, na nikaona akili yake ikianza kutembea.

"Dole la nini?" alisema. "Mzee huyu amesoma."

"Najua amesoma," Cheche alisema. "Bonyeza taratibu, Mwalimu."

Mfuniko wa pedi alikuwa ameshaufungua.